Shajara ya Nyangwe na Elimu ya Usimamizi wa Habari

Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, lilikuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki, kuku, chumvi na vyungu. Watu watatu wa msafara wa Dugumbe waliingia na bunduki, wakabishana juu ya bei ya kuku, kisha wakafyatua risasi. Waliokimbilia mitumbwi walizama kwa wingi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Habari hizi zimetufikia kwa kalamu ya David Livingstone, aliyekuwapo Nyangwe tangu mwisho wa Machi mwaka huo akitafuta mtumbwi wa kuvukia. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Alichukua gazeti la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa, mistari yake ikiyakingama. Wino nao ulikuwa wa mbegu za mmea, na jina aliloutaja halikosi kumkumbusha msomaji wa Kiswahili zingifuri, rangi nyekundu inayojulikana sana pwani.

Baadaye alinakili habari hizo katika daftari kubwa, na barua zake zilipofika Uingereza mwaka 1872 zilizidisha shinikizo lililoishia katika mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwa huo Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Kitabu kilichohaririwa na Horace Waller mwaka 1874 kiliifuata nakala, wala si gazeti. Kwa hiyo ulimwengu ulisoma masimulizi yaliyokwisha kupitiwa upya na mwandishi wake, huku yale ya awali yakizidi kufifia mpaka yakawa karibu hayasomeki.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2011, kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipotoa shajara hiyo kwa njia ya kompyuta. Kila ukurasa ulipigwa picha nyingi chini ya mianga ya rangi mbalimbali, tangu urujuanimno hadi infraredi isiyoonekana kwa macho. Wino wa kiwandani una masizi, nao hubaki mweusi katika infraredi. Wino wa mmea hutoweka humo, lakini hukolea katika mwanga wa buluu. Kompyuta ikizilinganisha picha hizo mbili, huweza kulififisha gazeti na kuyaacha maneno ya Livingstone peke yake.

Kilichoonekana hakikuwa kile kile kilichochapishwa. Katika shajara ya awali Livingstone anawalalamikia kwa ukali mkubwa zaidi watu wake mwenyewe, hasa watumwa wa Wabaniani aliopelekewa kutoka Unguja, na watafiti wameuliza kama baadhi yao hawakuwa na mkono katika ghasia za Nyangwe. Swali hilo halijapata jibu la kukata. Hata hivyo, lisingeulizwa kabisa kama nakala safi ingalihesabiwa kuwa ndiyo asili.

Hapa ndipo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya usimamizi wa teknolojia ya habari anapokuta, katika mfano mmoja, mengi anayofundishwa kwa istilahi kavu: tofauti ya asili na nakala, haja ya kuandika kila badiliko na aliyelifanya, na hatari ya chombo kinachooza upesi kuliko habari iliyomo. Yaelekea masomo hayo hupoteza uhai yanapotengwa na historia. Fundi anayejua kuhifadhi faili bila kujua kwa nini mtu angetaka kuibadilisha amejua nusu ya kazi.

Upande wa Waswahili maandishi si mengi. Tippu Tip, aliyeondoka Nyangwe pamoja na Stanley tarehe 5 Novemba 1876, aliacha maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20; lakini yanamhusu yeye na safari zake. Mji wenyewe uliangukia mikononi mwa majeshi ya Dhanis tarehe 4 Machi 1893. Dugumbe jina lake limehifadhiwa katika gazeti, katika daftari, katika kitabu na sasa katika kompyuta. Wanawake waliouawa sokoni wamehifadhiwa kwa idadi tu, nayo ni ya kukadiria.