Bustani za Mimea, na Safari ya Mti wa Kwinini hata Amani

Neno bustani tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ya kwanza ni mahali penye harufu nzuri. Waajemi hao wa kale walikuwa na neno jingine pia kwa kiwanja kilichozungushiwa ukuta na kupandwa miti. Wayunani wakalichukua, na wale waliofasiri Agano la Kale kwa Kiyunani wakalitumia walipofika habari za Edeni. Ndilo lililokuwa paradiso kwa Wazungu na firdausi kwa Waarabu. Sisi husema peponi, neno la asili nyingine kabisa, wala halina ukuta ndani yake. Twalitaja jambo hili kwa sababu ukuta ndio mwanzo wa habari zetu.

Bustani ya mimea, kama tunavyoitaja hapa, si bustani ya maua ya kupendeza macho, wala si shamba. Ni mahali ambapo mimea ya nchi nyingi hupandwa, kila mmoja na kibao chake chenye jina, na nyuma ya kibao hicho yapo maandiko: mmea ulitoka wapi, nani aliuleta, mwaka gani. Mmea ukifa bustani yapata hasara. Kumbukumbu zake zikipotea, pamebaki miti tu.

Iliyo ya kale kuliko zote miongoni mwa zile zisizohamishwa mahali pake ni ile ya Padua katika nchi ya Italia. Iliwekwa mwaka 1545 kwa amri ya Baraza la Venezia, baada ya mwalimu Francesco Bonafede kuomba apate mahali pa kuwaonyesha wanafunzi wa uganga dawa zikiwa hai. Kwani waganga wa siku zile walidanganyika kwa majani yaliyofanana, na mgonjwa alilipa kwa roho yake. Baada ya muda mfupi ulijengwa ukuta wa mviringo, kwa kuwa wezi walikuja usiku kung'oa dawa. Ndani yake umo mtende mfupi uliopandwa mwaka 1585, nao ungali hai. Goethe, mshairi wa Wadachi, aliutazama mwaka 1786 akafikiri sana juu ya majani yake, na tangu hapo watu huuita mtende wa Goethe. Aliyeupanda hatajwi.

Zikafuata Leiden mwaka 1590, Oxford mwaka 1621, Paris mwaka 1635. Hizo zote zilikuwa bustani za waganga na wanafunzi. Lakini Wazungu walipokwisha kuzizunguka bahari zote, kazi ya bustani iligeuka: haikuwa tena kujua dawa tu, bali kuhamisha mali. Mti wenye faida ukaondolewa kwao ukapelekwa kwenye nchi ya mwenye merikebu.

Mfano ulio karibu nasi ni mkarafuu. Zamani ulimea katika visiwa vya Maluku peke yake, na Waholanzi walipovitawala walikata mikarafuu yote isipokuwa ile ya mahali walipopachagua, ili bei isishuke. Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, mtawala wa kisiwa cha Morisi, alituma vyombo vyake kwa siri, na mwaka 1770 vikarudi na miche ya karafuu na ya kungumanga. Ikapandwa katika bustani ya Pamplemousses, ambayo ipo hata leo. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Jina la Saleh bin Haramil al-Abry hutajwa katika habari hiyo. Yaliyofuata yajulikana kwa wasomaji wetu wa visiwani: Seyyid Said aliamuru ipandwe kila mahali, na watumwa wakaletwa kwa maelfu ili kuichuma. Bustani haikuagiza utumwa, ni kweli. Ila tusiposema kwamba mche ule ulikuja na mzigo huo, twasimulia nusu ya habari.

Katika kisiwa jirani cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, vanila ilipandwa miaka mingi bila kuzaa, maana mdudu wa kwao anayeichavusha hayupo huko. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, aliyeitwa Albius baada ya kupewa uhuru, aligundua kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Vanila ya dunia hata sasa huchavushwa kwa namna yake. Yeye alikufa maskini, lakini angalau jina lake lilihifadhiwa.

Sasa tuje kwenye mti ulio na haki kuliko yote ya kuelezwa mbele ya walimu na mapadre. Wasomaji wakumbuke habari za Askofu Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Mwanzoni mwa mwaka 1862 alishuka mto Shire pamoja na Padre Burrup. Mtumbwi wao ukapinduka usiku, na dawa zote zikapotea. Walikaa kisiwani penye makutano ya mto Ruo, homa ikawapata, na tarehe 31 Januari askofu akafa. Mwenzake alimfuata baada ya majuma machache. Dawa ile iliyozama ilikuwa kwinini. Miaka 8 kabla yake daktari Baikie alikuwa amepanda mto Niger pamoja na watu wake wakinywa kwinini kila siku, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyekufa katika safari ile. Basi twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba kati ya kaburi la Ruo na misheni iliyodumu Unguja na Magila, palikuwa na tofauti ya magome ya mti mmoja.

Mti huo kwao ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Wajesuiti waliyachukua magome yake wakayapeleka Roma katika karne ya 17, hata Wazungu wa dini nyingine wakaikataa dawa hiyo kwa sababu ya waliouleta unga wake, wakapendelea kufa. Linnaeus, yule aliyepanga majina ya mimea kwa Kilatini, aliuita Cinchona, kwa heshima ya mke wa liwali wa Peru, ambaye yasemekana aliponywa nao. Wenye kuchungua maandiko wameona kwamba hadithi hiyo si kweli, tena jina la bibi yule limeandikwa kwa kosa, herufi moja imeanguka. Hivyo mti huo una jina la mtu asiyeuhitaji, lisilo sahihi. Na neno kwinini, linalotoka katika lugha ya wenyeji wa Andes, ndilo lenye ukweli zaidi.

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini na gome lake. Tangu hapo kila dola ilitaka mti wake. Mataifa ya Andes yalizuia mbegu zisitoke, nao Waholanzi na Waingereza wakatuma watu wazitoe. Mbegu za kwanza ziliota, lakini magome yake yalikuwa na dawa haba. Palikuwapo mfanya biashara Mwingereza, Charles Ledger, naye alikuwa na mtu wake, Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, aliyekuwa mkata magome tangu ujana. Mamani alijua kwa macho miti ipi ina dawa nyingi, elimu ambayo hakuna bustani ya Ulaya iliyokuwa nayo. Akakusanya mbegu za miti ile, akazipeleka kwa Ledger; zikafika London mwaka 1865. Waingereza hawakuzitaka. Waholanzi wakanunua ratili moja kwa bei ndogo, wakaipeleka Java, kisiwa chenye bustani yao kubwa ya Buitenzorg, iliyowekwa mwaka 1817 na ambayo leo huitwa Bogor. Mbegu hizo zikaota kwa maelfu, na magome yake yalikuwa na dawa mara nyingi kupita mengine. Kabla ya vita ya 1939 zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini ya dunia zilitoka Java.

Mamani alikamatwa kwao alipokuwa akitafuta mbegu nyingine. Alifungwa, akapigwa, akaulizwa anamfanyia nani kazi, asiseme. Akafa kwa mateso hayo. Ledger alipata uzeeni pensheni ndogo kutoka kwa Waholanzi, na aina ile ya mti ikaitwa kwa jina lake, ledgeriana. Sisi tulio na kawaida ya kuwaandika mashahidi wetu twaona vigumu kupita hapa haraka. Mtu huyu hakufa kwa ajili ya imani. Alifuata ujira, na kwa sheria ya nchi yake alikuwa mwizi. Hata hivyo ni wangapi kati yetu, na kati ya waliotubatiza, waliokunywa uchungu uliotoka mikononi mwake?

Miche ilisafirije baharini? Kwa muda mrefu mingi ilikufa kwa chumvi na kiu. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona mwaka 1829 jani likiota ndani ya chupa iliyofungwa: maji yalipanda kama mvuke, yakashika kioo, yakarudi udongoni, wala mmea haukuhitaji kumwagiwa. Akatengeneza masanduku ya kioo, na masanduku hayo yakawa mitumbwi ya miti. Bustani ya Kew, karibu na London, iliyoanzishwa mwaka 1759, iliyatuma na kuyapokea pande zote za dunia. Unguja iliandikiana na Kew kwa mkono wa John Kirk, aliyekuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya Livingstone ya Zambezi, kisha akakaa Unguja tangu 1866 hata 1886, na kupanda miti mingi ya kigeni katika shamba lake la Mbweni.

Bustani iliyo yetu hasa ni Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki. Wadachi waliiweka mwaka 1902, wakifuata mfano wa Buitenzorg. Hata Albrecht Zimmermann, mmoja wa wakuu wake, alikuwa amefanya kazi Java kabla ya kuja. Walipanda miti ya Asia, Amerika na Afrika, na mikwinini mingi pamoja nayo. Vita ya 1914 ilipokata njia za bahari, magome ya Usambara yalifanywa dawa kwa askari wa Lettow-Vorbeck, na walipokuwa porini bila mitambo waliyachemsha wakanywa maji yake machungu, wakayaita kwa mzaha pombe ya Lettow. Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916, ikalala miaka kadhaa, kisha wakaifufua. Katika miaka ya 1930 walizalisha humo mihogo isiyoshindwa upesi na batobato, kwa kuuchanganya mhogo na nduguye, ule mti wa mpira wa Brazili. Na vizazi vyake vikafika mbali, hata Nigeria. Wapishi wetu waijuao kisamvu mpira hawakuhitaji kufundishwa kwamba miti hiyo ni jamaa moja.

Si kila kilichopandwa Amani kilikuwa baraka. Mhesi, mti wa nchi za Ziwa ambao kwa Kilatini una jina la Emin Pasha, uliletwa huko kwa ajili ya mbao. Hondohondo wakala matunda yake wakatawanya mbegu, na leo umejaa katika msitu ambao una mimea isiyopatikana penginepo duniani. Ukuta wa Padua uliwazuia wezi wasiingie. Amani ilihitaji ukuta wa kuzuia mti usitoke, na ndege hawajui ukuta.

Katika Amani hiyo hiyo P. J. Greenway alitunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili na Kilatini, iliyochapwa Dar es Salaam mwaka 1937. Mwalimu akiipata asiipite. Majina yetu yana historia yake. Mahindi yametoka Amerika, lakini jina lake laelekeza India, kwa kuwa watu wa pwani waliamini vitu vigeni hutoka huko. Nanasi ni neno tulilopewa na Wareno, nao walilipata kwa wenyeji wa Brazili. Pera ni neno lao pia, ila kwao ni tunda jingine. Mkonge ulikuwa jina la mmea wetu wa porini wenye nyuzi. Hindorf alipoleta katani ya Amerika mwaka 1893, vichipukizi 1,000 ambavyo 62 tu vilifika hai, mgeni huyo akapewa jina la mwenyeji, na mwenyeji akabaki karibu bila jina. Mhogo nao ni mgeni wa Amerika, lakini jina lake lasikika kana kwamba lilizaliwa hapa.

Mimea iliyokaushwa ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na Amani yenyewe ikawa mahali pa kuchungua malaria, kazi iliyoanza huko wakati ule ule. Katika nyingi za karatasi hizo, kando ya jina la Kilatini na la mkusanyaji, limeandikwa kwa wino jina la mmea kwa Kisambaa, Kizigua au Kiswahili. Mtu fulani alisimama njiani akamtajia mkusanyaji jina hilo, labda na ugonjwa unaotibiwa kwalo. Jina la mtu huyo ni nadra kuandikwa.