Njaa Inayotoka Kichwani

Mgonjwa wa kisukari akirudia sahani, watu hunong'ona kuwa ni mlafi. Nimeyasikia hayo misibani na harusini, wala sijayazoea.

Mwaka 1849, huko Paris, Claude Bernard alimchoma sungura kwa sindano nyuma ya ubongo, karibu na unapoungana na uti wa mgongo. Muda si mrefu mkojo wa sungura ukawa na sukari. Ubongo ulikuwa umeliamuru ini, kwa njia ya mishipa ya fahamu, limwage sukari katika damu. Kisha, mwaka 1889, Minkowski na von Mering wakamtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921, macho yote yakageukia kongosho, na ubongo (bila haki, naona mimi) ukawekwa kando.

Aliyeurudisha ni Douglas Coleman, huko Bar Harbor, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa na panya wanene, wenye kisukari, wasiojua kushiba. Akamshona mmoja na panya mzima, damu zao zikachanganyika. Yule mzima akaacha kula hata akafa kwa njaa; mnene akaendelea kula. Basi damu ya mnene ilijaa ujumbe wa shibe, ila ubongo wake ulikuwa kiziwi. Jeni ya ujumbe huo iligunduliwa New York mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake, nao wakauita leptini.

Insulini nayo hupeleka ubongoni habari za shibe. Ikikosekana, mgonjwa hula sana huku akikonda.