Safu ya Mbele: Waafrika Mashariki katika Kazi Ngumu ya Futiboli ya Kimarekani

Katika futiboli ya Kimarekani kila timu huingiza uwanjani wachezaji 11, na inaposhambulia, 5 kati yao hawaruhusiwi kudaka pasi. Hao ndio wazuiaji wa safu ya mbele. Wa kati huanzisha kila mchezo kwa kuupitisha mpira nyuma, katikati ya miguu yake. Wawili wa ndani husimama kushoto na kulia kwake. Wawili wa pembeni hufunga safu. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki, yaani mpanga mchezo anayerusha mpira, na kumfungulia njia mkimbiaji. Jezi zao huwa na namba kuanzia 50 hadi 79. Mkimbiaji huhesabiwa yadi, kwotabeki huhesabiwa pasi, lakini mzuiaji huandikiwa mechi alizocheza, mechi alizoanza na makosa aliyoadhibiwa. Ndiyo maana historia ya watu hawa ni ngumu kuandika, na wachache wenye asili ya Afrika Mashariki waliofika kwenye mstari huo, upande wa ushambuliaji au wa ulinzi, hawajulikani nyumbani hata robo ya wanavyojulikana wakimbiaji wa marathoni.

Mchezo huu ulizaliwa kutoka kwenye raga. Mwaka 1880 Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale alishawishi vyuo vya Marekani viache skramu, na mahali pake ukaja mstari ambapo timu moja humiliki mpira na nyingine husubiri. Tangu hapo pande mbili zikawa zinatazamana ana kwa ana kabla ya kila mchezo, na kazi ya mzuiaji ikaanza kuwa kazi ya peke yake. Mwaka 1906 pasi ya mbele iliruhusiwa, baada ya vifo vya wachezaji kulitikisa taifa zima. Mwaka 1978 ligi ya kulipwa, NFL, iliwaruhusu wazuiaji kunyoosha mikono na kutumia viganja vilivyo wazi wanapomkinga kwotabeki. Badiliko hilo la mwisho ndilo lililomjenga mzuiaji wa leo, mtu wa kilo 140 mwenye mikono mirefu na miguu myepesi.

Wa pembeni kushoto ana mzigo wake. Kwotabeki wengi hurusha kwa mkono wa kulia, hivyo humpa mgongo adui anayetokea kushoto. Novemba 1985 Joe Theismann, kwotabeki wa Washington, alivunjwa mguu na Lawrence Taylor wa New York Giants mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni, na hakucheza tena. Vilabu vilikuwa vimeanza kuelewa thamani ya mtu anayelinda upande huo. Wachezaji walipopata uhuru wa kuhama timu mwaka 1993, mshahara wa mzuiaji huyo ulipanda hadi kuwa miongoni mwa mikubwa kikosini.

Huko Afrika Mashariki, katika miji ya mpakani ya Busia na Tororo, mchezo huu ni wa mbali, lakini si wa kigeni kabisa. Mpaka wa Kenya na Uganda hapa hufuata Mto Sio, kisha Mto Malaba, hadi miteremko ya Mlima Elgon. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha mikoa ya mashariki ya Uganda na kuitia kwenye himaya ya jirani ambayo baadaye ikawa Kenya, na mstari uliotokana na uamuzi huo uliwaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili. Vijana wa mpakani hukulia kwenye soka kwanza, halafu raga kwa wale wanaosoma shule zenye mchezo huo. Timu za taifa za raga za Kenya na Uganda hushindania Kombe la Elgon tangu mwaka 2004, nyumbani na ugenini, na mlima uliolipa kombe jina ndio huo unaoonekana kaskazini-mashariki ya Tororo siku ambayo mawingu yametawanyika. Futiboli ya Kimarekani yenyewe huwafikia watu kwa nguo. Kwenye mitumba ya Busia, ambayo ng'ambo ya pili huitwa mivumba, jezi za NFL zimechanganyika na za Arsenal na Manchester. Nyingi zina namba ndogo za makwotabeki na wadakaji, kwani ndizo Wamarekani wanazonunua kabla ya kuzitoa.

Ni lazima ieleweke raga inampa nini mzuiaji, na inamnyima nini. Propu, yaani msukumaji wa safu ya kwanza ya skramu, hujifunza kukaa chini, kusukuma kwa nyonga na kustahimili uzito wa watu wanane, na yote hayo yana faida. Lakini katika raga kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa linaloadhibiwa papo hapo, ilhali kwa mzuiaji wa Kimarekani hiyo ndiyo kazi yote, mchezo baada ya mchezo, kwa sekunde chache kila mara. Mchezaji wa raga anayevuka kwenda huko hulazimika kwanza kuufundisha upya mwili uliozoea kuliogopa kosa hilo.

Mwafrika Mashariki aliyevuma zaidi kwenye mstari huo alicheza upande wa ulinzi. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962 na baadaye Jaji Mkuu, kabla ya kukamatwa na askari wa Idi Amin Septemba 1972 na kuuawa. Mjukuu alisoma Boston College, na mwaka 2006 New York Giants ilimchukua kuwa wa 32 katika uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya mwisho ya raundi ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kumpita mzuiaji wa pembeni na kumwangusha kwotabeki. Alikaa na klabu hiyo hiyo kwa misimu 9, hadi 2014. Timu yake ilitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, Februari 2008, wakati yeye anauguza mguu uliovunjika, na tena Februari 2012, safari hii akiwa uwanjani.

Lipo tukio moja katika mwaka wake wa kwanza ambalo linafaa kukumbukwa. Novemba 26, 2006, Giants ilikuwa inaongoza 21–0 dhidi ya Tennessee Titans katika robo ya mwisho. Wapinzani walipokuwa kwenye jaribio lao la nne na la mwisho, Kiwanuka alimkamata kwotabeki Vince Young mikononi, akadhani mpira umesharushwa, akamwachia kwa kuogopa adhabu. Young alikimbia na mpira. Tennessee ilishinda 24–21. Kwa muda jina la Kiwanuka lilihusishwa na kosa hilo. Lakini mlinzi ana hesabu yake: alipostaafu alikuwa amewaangusha makwotabeki mara 38 na nusu, na kosa la Tennessee limebaki tanbihi ndogo katika maisha yake ya uwanjani.

Daniel Adongo alipitia njia nyingine kabisa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1989, akacheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 Indianapolis Colts ilimsajili bila ya yeye kuwahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani, Mkenya wa kwanza mzaliwa wa nchini kucheza NFL. Alitumiwa zaidi katika michezo ya mateke, ambapo mbio na ukakamavu hutosha kumfunika mgeni asiyejua mbinu nyingi. Aliachwa mwaka 2015. Kasi na nguvu alikuwa nazo. Muda wa kujifunza ndio uliokosekana, na katika ligi ambayo kikosi ni watu 53 tu, muda ni kitu ambacho makocha hawana cha kugawa.

Mzuiaji kamili wa safu ya mbele mwenye asili ya Afrika Mashariki ni Rees Odhiambo. Jina lake ni la kila siku pande zote za mpaka. Kwa Waluo, Odhiambo ni mvulana aliyezaliwa jioni, na Wasamia wa Busia humwita Ojiambo. Odhiambo, mwenye asili ya Kenya, alikulia Texas, jimbo ambalo futiboli ya shule za sekondari hujaza viwanja. Alipoteza wazazi wake wote wawili kabla hajawa mtu mzima. Akaenda Chuo Kikuu cha Boise State, Idaho, ambako alicheza vizuri kila alipokuwa mzima, lakini majeraha yalimkatiza msimu baada ya msimu. Hata hivyo mwaka 2016 Seattle Seahawks ilimteua wa 97, katika raundi ya tatu. Alikuwa na urefu wa mita 1.93 na uzito wa kilo zaidi ya 140.

Seattle ilikuwa mahali pagumu pa kuanzia. Klabu ilikuwa imetoka kucheza Super Bowl mbili mfululizo, Februari 2014 na Februari 2015, na fedha zake ziliwekwa kwa walinzi na kwa kwotabeki Russell Wilson. Safu ya mbele iliundwa na vijana wa gharama ndogo. Aliyelinda kushoto kwa sehemu kubwa ya msimu wa 2016, George Fant, alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni. Odhiambo alikuwa wa akiba, akisubiri mwenzake aumie.

Nafasi ilikuja Januari 14, 2017, kwenye hatua ya mtoano, mjini Atlanta. Mechi ilianza saa 6 na dakika 35 usiku kwa saa za Busia na Tororo. Seattle iliongoza 10–7 katika robo ya pili. Devin Hester aliurudisha mpira wa teke hadi karibu na goli la Atlanta, lakini kosa la mwenzake lilifuta mbio hizo zote na Seattle ikaanzia kwenye yadi 7 za upande wake. Odhiambo alikuwa ameingia kuchukua nafasi ya Germain Ifedi aliyeumia. Mzuiaji anayemkinga mrushaji hurudi kinyumenyume huku macho yakiwa mbele kwa adui. Nyuma haoni, huamini tu kwamba kwotabeki yuko pale walipofanyia mazoezi. Odhiambo alirudi, kisigino chake kikakanyaga mguu wa Wilson, na Wilson akaanguka ndani ya eneo lao la goli. Kwa sheria Atlanta ilipata alama 2 na kupewa mpira, ikaongeza alama 3 na kuongoza, na mwisho ikashinda 36–20. Ukitafuta jina la Odhiambo katika kumbukumbu za michezo, hatua hiyo moja ya mguu ndiyo inayotangulia. Majedwali ya kawaida hayaonyeshi mara ngapi usiku ule alimzuia mtu ipasavyo.

Agosti 2017 Fant aliumia goti katika mechi ya maandalizi, na Odhiambo akapewa nafasi ya kushoto, ngumu kuliko zote. Alianza mechi 7. Oktoba 1, dhidi ya Colts, alipigwa kifuani, na baada ya mechi akapata shida ya kupumua hata akalazwa hospitali usiku huo kwa jeraha la mfupa wa kifua. Jumapili iliyofuata alisimama tena mahali pake dhidi ya Los Angeles Rams. Mtu asiyeujua mchezo huu anaweza kuliona hilo kama ujinga. Ndani ya safu ya mbele ndicho kipimo cha mtu. Mechi yake ya mwisho katika nafasi hiyo ilikuwa Oktoba 29, Seattle ilipoishinda Houston Texans 41–38 na Wilson akarusha yadi 452. Yadi hizo zilihitaji muda, na muda huo ulinunuliwa na watu watano, mmoja wao akiwa Odhiambo, ambaye mkono wake uliteguka siku hiyo.

Upande wa pili wa uwanja, kwenye nafasi kama yake, alikuwa Duane Brown, mmoja wa wazuiaji bora wa kizazi chake, aliyekuwa amerejea Houston siku hiyo baada ya kugoma kwa sababu ya mkataba. Kesho yake Seattle ilimpata Brown kwa kubadilishana na Houston. Odhiambo aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi, na mwaka 2018 klabu ikamwacha. Alipita katika timu nyingine kwa muda mfupi bila kupata tena mahali pa kudumu.

Tofauti kati ya Odhiambo na Kiwanuka haikuwa ya kipaji pekee. Kiwanuka aliteuliwa mapema, akalipwa vizuri, na klabu ikawa tayari kumvumilia na kumbadilishia nafasi mpaka akomae. Mteule wa raundi ya tatu hana uvumilivu huo wa kuutegemea. Safu ya mbele pia huhitaji watu watano wazoeane mpaka wasogee kwa pamoja bila kuangaliana, na Odhiambo alitupwa ndani yake mara zote mbili kwa sababu ya jeraha la mwingine.

Tangu 2017 NFL ina mpango maalumu wa kuwaandaa wachezaji kutoka nje ya Marekani na Kanada. Mwaka 2018 mpango huo ulimpeleka Philadelphia Eagles Jordan Mailata, mchezaji wa raga ya ligi kutoka Australia ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu. Klabu ilimwacha akae misimu miwili bila kucheza hata mechi moja, akijifunza. Leo ndiye mzuiaji wao wa kushoto, na Februari 2025 alitwaa Super Bowl. Adongo alikuja miaka minne kabla ya mpango huo kuwapo.

Mchezo wa bendera, aina nyepesi ya futiboli hii inayoingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, una watu 5 kila upande, na sheria zake zinakataza kuzuiana kwa mwili. Humfaa mwenye mbio na mwenye mikono ya kudaka; safu ya mbele haimo kabisa. Kwa kijana mzito wa Busia au Tororo anayeitamani kazi ya Odhiambo, mafunzo ya karibu zaidi bado yako kwenye skramu ya raga.