Neno Boko na Kalamu za Kaskazini ya Nijeria

Anayetaka kuyafahamu maandishi ya kaskazini ya Nijeria ya miaka hii hana budi kuanza na neno moja la Kihausa, nalo ni boko. Wengi tumezoea kuambiwa kuwa limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kitabu. Mtaalamu wa Kihausa, Paul Newman, alionyesha mwaka 2013 kuwa sivyo: boko ni Kihausa chenyewe, na maana yake ya asili ni ghiliba, kitu kisicho cha kweli. Waingereza walipoiteka Sokoto mwaka 1903, na baadaye wakafungua skuli za hati za Kirumi, wenyeji waliiita elimu ile boko ili kuitenga na elimu ya chuoni. Kundi la Mohammed Yusuf lilipokuja kupachikwa jina la Boko Haram, neno hilo lilikwisha kubeba shaka ya karne nzima.

Shaka hiyo haikuwa juu ya kalamu. Kihausa kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, ziitwazo ajami, kama Kiswahili kilivyoandikwa Pate, Lamu na Unguja. Usman dan Fodio, aliyeanzisha jihadi mwaka 1804 na kuasisi dola ya Sokoto, alikuwa mtunzi wa mashairi. Binti yake, Nana Asma'u (1793–1864), alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Aliandaa wanawake walimu, wakiongozwa na majaji waliovaa kofia za ukili, wakapita vijijini wakiwasomesha wenzao dini kwa mashairi yaliyohifadhiwa moyoni. Sisi tunaosoma utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hatutashangaa kuwa mwanamke alifanya hivyo, tena katika zama zile zile.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Jihadi ya 1804 ilimwaga damu, na Asma'u mwenyewe alizitungia mashairi vita za baba yake na za ndugu yake. Lakini katika nyumba ile ile, kumsomesha mwanamke kulikuwa ni wajibu wa dini. Ndiyo maana wanaodai leo kuirithi Sokoto huku wakichoma skuli na kuteka wasichana wanauchukua upanga wake na kuyaacha mashairi yake.

Kalamu ya wanawake ilizuka tena Kano katika miaka ya 1980, safari hii kwa hati za Kirumi. Ni vitabu vyembamba vya sokoni, vinavyoitwa littattafan soyayya, yaani vitabu vya mapenzi. Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa watangulizi wake, aliandika juu ya ndoa za kulazimishwa, ukewenza na talaka. Mwaka 2007 gavana wa Kano, Ibrahim Shekarau, alivichoma hadharani vitabu vya namna hiyo katika skuli ya wasichana. Serikali ile haikuwa Boko Haram, na ni dhulma kuwachanganya. Masheikh wa Kano wenyewe walimpinga Yusuf waziwazi, akiwemo Ja'afar Mahmud Adam, aliyeuawa msikitini mwaka huo huo. Lakini moto ule uliwafunza wasichana kuwa kitabu chao kinaweza kuhukumiwa.

Yusuf aliuawa mikononi mwa polisi mwaka 2009, na wafuasi wake wakazidi ukali. Usiku wa tarehe 14 Aprili 2014 waliwateka wasichana 276 wa skuli ya Chibok. Mwaka uliofuata zilitoka riwaya mbili za wana wa kaskazini. Katika Born on a Tuesday, Elnathan John anamfuata Dantala, mwanafunzi wa chuoni aliyetupwa mitaani, anayehifadhiwa na sheikh mpole wa Sokoto hadi msaidizi wa sheikh huyo anapojitenga na kushika njia ya silaha. Kijana huyu anaandika daftarini maneno ya Kiingereza anayojifunza. Anaikusanya boko akiwa ndani ya msikiti, na imani yake haipungui. Katika Season of Crimson Blossoms, Abubakar Adam Ibrahim anamchora mjane ambaye mumewe aliuawa katika machafuko ya dini ya Jos. Nyumbani mwake yumo msichana aliyeshuhudia mauaji ya namna hiyo, na kimbilio lake ni vile vitabu vya mapenzi vya Kihausa.

Waandishi hawa hawajibu kwa hotuba. Wanaweka mbele yetu waumini wenye majina na majeraha, na msomaji anaona mwenyewe kuwa msikiti na fujo si kitu kimoja. Kasoro moja ninaiona kama mfasiri: riwaya hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, na msichana yule wa vitabu vya sokoni anasoma Kihausa. Asma'u alilijua hilo, ndiyo akatunga kwa lugha ya msikilizaji wake.

Nasi yanatuhusu. Mwaka 2014 damu ilimwagika Mpeketoni, bara ya Lamu. Tangu Oktoba 2017 pwani ya Cabo Delgado, wanakoishi jamaa zetu wanaosema Kimwani na Kiswahili, imekuwa ikiungua. Vijana wanaoshawishiwa kushika silaha huko hushawishiwa kwa Kiswahili pia. Basi jibu nalo liandikwe kwa Kiswahili, na kwa bahari za utenzi ambazo mama zao wanazijua kwa moyo.