Kuku wa Java na Nyayo za Shangazi

Shangazi yangu ana kisukari, na usiku nyayo zake huwaka kama aliyekanyaga makaa. Jumapili iliyopita nilimkuta amepanga chupa tatu za vitamini mezani, na fedha ya mboga imekwisha. "Mwanangu," akaniambia, "vitamini ndicho chakula cha mishipa ya fahamu."

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika kisiwa cha Java kilichotawaliwa na Waholanzi, daktari Christiaan Eijkman alikuwa akichunguza beriberi, ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu na kulegeza miguu. Mara kuku wake wa majaribio wakaanza kupepesuka. Kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa wali wa jeshi kupewa kuku wa kiraia! Kuku wakarudia mchele usiokobolewa, wakapona. Mwaka 1901 mwenzake, Gerrit Grijns, akaeleza kwamba kinu kilikuwa kinaondoa kitu ambacho mwili unakihitaji. Leo tunakiita vitamini B1, na Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Lakini tuwaangalie kuku wale vizuri. Walipona kwa sababu walirudishiwa walichopungukiwa. Mgonjwa wa kisukari, mara nyingi, mishipa yake imeumizwa na sukari iliyokaa juu kwa miaka. Asiyepungukiwa vitamini, kidonge kitamrudishia nini?

Wapo wanaopungukiwa kweli. Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na wengi, yaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuupima. Asiache mtu dawa yake kwa hilo. Aombe kipimo cha damu.

Na kuzidisha kuna hatari. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu saba waliomeza vitamini B6 kwa wingi mno, wakapata ganzi na kushindwa kutembea sawasawa. Dawa ya mishipa ikawa adui wa mishipa.

Shangazi amekubali twende kliniki wiki hii, achunguzwe damu na nyayo. Chupa zimebaki mezani. Kwanza kipimo, ndipo kidonge.