Fishi ya telefone inajuaje ulizo ni la aina gani?

Ikiwa mwenye kuandika wahami pa Fataki iko na telefone mukononi, mara nyingi fishi yake imetengenezwa na KoboToolbox, programu ambayo mashirika mengi ya misaada yanatumia. Ndani yake fishi hiyo ni maandishi ya XML: kila ulizo limewekewa alama ya aina yake. Alama input ni ulizo la kuandika jibu, kama jina. Alama select1 ni la kuchagua jibu moja, kama mwanaume ao mwanamuke. Alama select ni la kuchagua majibu mengi: maji, bashi, chakula.

Ili fishi ionekane kama ukurasa wa intaneti, kunatumika XSLT, lugha iliyotolewa na W3C tarehe 16 Novemba 1999. Kanuni zake zinapita kwa kila alama na kuipima: wewe ni aina gani? Amri xsl:choose inafungua kipimo. Kila xsl:when inauliza aina moja. Ile ya kwanza inayokubali ndiyo inafanya kazi, zingine zinaachwa.

Hatari iko wapi? Mwenye kuandika kanuni akisahau aina moja, na hakuweka xsl:otherwise kwa zile zinazobaki, hakuna kitu kinaandikwa, wala kosa halionekani. Ulizo la bashi linapotea kwenye ekrani, na mama anayelala kwa mvua hataulizwa.

Kwa hiyo, mbele ya kwenda kambini, muhesabu maulizo ya ekrani na mulinganishe na yale ya karatasi.