Moshi Ndani ya Chupa

Ukisema "pombe ya moshi" mbele ya mtu wa Dar es Salaam hatakuuliza mara mbili. Atajua unasema gongo. Hata sheria ya Tanzania ya miaka ya 1960 iliyohusu kinywaji hicho ilikitaja kwa jina hilo hilo la moshi. Wenzetu wa Kenya wanasema chang'aa. Moshi unaotajwa hapo, kwa maoni yangu, ni ule mvuke unaopanda kutoka katika pipa linalochemka, ukapita katika bomba, ukapoa, ukadondoka tone baada ya tone. Lakini ukiinusa gongo yenyewe, huenda usisikie moshi wowote.

Leo, wasikilizaji wapenzi, nataka tuzungumzie kinywaji kinachotengenezwa kwa njia ile ile ya mvuke na matone, ila chenyewe kina moshi wa kweli, moshi wa jikoni, unaobaki kooni hata baada ya glasi kuoshwa. Ni wiski ya Scotland, na hasa ile inayopatikana kwa kuchanganya wiski za kimea tupu za viwanda mbalimbali. Ndugu zetu wasiogusa kileo wasizime redio. Habari yenyewe ni ya kodi, ya majina, na ya nani mwenye haki ya kusema kitu fulani kinaitwaje.

Tuanze na huo moshi. Shayiri hulowekwa majini siku mbili tatu, kisha ikatandazwa sakafuni hata ichipue. Hapo ndipo huwa kimea, jambo ambalo mama zetu wanaopika mbege na busaa wanalijua bila kufundishwa na Mskoti. Chipukizi likishaanza lazima lizuiwe, ama sivyo mmea utaila sukari yote ambayo ingegeuzwa kileo. Njia ya kulizuia ni kulikausha kwa moto. Sasa moto wa nini? Katika kisiwa cha Islay, pwani ya magharibi ya Scotland, miti ni haba na makaa ya mawe hayapo. Kilichopo ni kinamasi. Majani na nyasi zilizokufa ndani ya maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa hugeuka udongo mweusi uitwao piti, nao hukatwa vipande kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa. Kinamasi hicho huongezeka unene kwa kadiri ya milimita moja tu kwa mwaka. Basi mtu akichimba mita moja kwenda chini, amechimba kazi ya miaka elfu moja.

Moshi wa piti hupanda kupitia sakafu yenye matundu na kunata kwenye punje zingali mbichi. Kinachonata ni kemikali ziitwazo fenoli, nazo hupimwa kwa sehemu katika milioni. Kimea cha kiwanda cha Laphroaig huwa na kadiri ya 40, cha Ardbeg 55 hivi. Lakini hesabu hiyo ni ya kimea kabla ya kukenekwa. Nyingi hupotea njiani, na miaka ndani ya pipa inazidi kuupunguza ule moshi. Shika jambo hili, tutalirudia.

Kwa hiyo moshi huo haukuwa anasa. Ulikuwa harufu ya mtu asiye na kuni. Reli ilipofika katika bonde la mto Spey katika miaka ya 1860 na kuleta makaa ya mawe, wakekenaji wa huko waliuacha moshi polepole. Watu wa Islay walibaki nao.

Maandishi ya kwanza yanayojulikana ya pombe hii huko Scotland ni ya mwaka 1494, katika daftari la hazina ya mfalme, ambamo mtawa mmoja aitwaye John Cor aliandikiwa kimea cha kutengenezea "maji ya uhai". Kwa Kigaeli maji hayo ya uhai ni uisge beatha, na ndiko neno wiski lilikotoka. Zilipita karne kadhaa za serikali kutoza ushuru na wakulima kuukwepa. Walikeneka usiku, wakaficha mitambo mapangoni na chini ya mito. Msikilizaji uliyewahi kuona askari wakimwaga mapipa bondeni alfajiri, huna haja ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilibadili mkakati. Badala ya kufukuzana, sheria mpya ilimruhusu mtu kukeneka kihalali kwa leseni ya paundi 10 kwa mwaka, pamoja na ushuru wa kila galoni uliopunguzwa sana. George Smith wa Glenlivet alichukua leseni mwaka 1824, na majirani zake waliobaki katika magendo wakatishia kukichoma kiwanda chake. Ikambidi atembee na bastola mbili kiunoni. Mwaka huo huo John Cumming naye alichukua leseni kwa ajili ya Cardhu, shamba ambalo yeye na mkewe Helen walikuwa wakikeneka humo kwa siri tangu mwaka 1811. Inasimuliwa kwamba Helen alikuwa akiwakaribisha maofisa wa ushuru mezani kwake, na wakati wanakula, akatundika kitambaa chekundu nje ili majirani wajue hatari imefika. Alipokuja kufariki, mkwewe Elizabeth ndiye aliyekikuza kiwanda, akakiuza mwaka 1893 kwa kampuni ya John Walker na Wanawe. Jina la Cardhu litarudi baadaye, na safari hiyo si kwa heri.

Baada ya wakulima walikuja wenye maduka. John Walker mwenyewe alikuwa muuza duka tu mjini Kilmarnock tangu mwaka 1820. Tatizo la wauza duka wale lilikuwa moja: pipa la leo halikufanana na pipa la mwezi jana. Mteja aliyependa wiski ya Jumamosi alirudi Jumatatu akapewa kitu kingine. Dawa yake ikawa kuchanganya, kama walivyochanganya majani ya chai. Mjini Edinburgh, Andrew Usher alianza mwaka 1853 kuuza mchanganyiko wake wa wiski za kimea, na huo hutajwa kuwa wa kwanza wa kibiashara. Mwaka 1860 sheria ikaruhusu kuchanganya wiski ya kimea na ile ya nafaka nyingine ndani ya ghala kabla ushuru haujalipwa. Wiski hiyo ya nafaka ilitoka katika mtambo wa minara aliousajili Aeneas Coffey mwaka 1830. Na Coffey, usicheke, alikuwa ofisa wa ushuru kutoka Ireland. Mtambo wake ulitoa pombe nyingi, nyepesi na rahisi.

Hapo moshi wa Islay ukawa chumvi katika mchuzi wa wengine. Kampuni za mchanganyiko zilinunua mapipa machache ya pombe nzito ya kisiwani, wakatia kidogo ili nafaka ile isiwe na ladha ya maji matupu. Wenye viwanda vya kimea waliona wanafunikwa, wakadai kwamba pombe ya mtambo wa Coffey haistahili hata kuitwa wiski. Tume ya Kifalme ilikaa mwaka 1908 na 1909 kuamua wiski ni nini, na uamuzi ukawapendelea wachanganyaji: yote ni wiski. Chupa hizo ndizo zilizoenea duniani kwa meli za Waingereza.

Afrika zilifika kwa masharti. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi juu ya biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la bara hili, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, na mkataba mwingine wa mwaka 1919 ukaendeleza jambo hilo. Ati Mwafrika alikuwa analindwa. Mzungu wa klabu alikunywa wiski yake barazani huku mpishi aliyemletea barafu akikatazwa kuionja.

Sasa tuonje. Mimi si mnywaji wa kusifiwa, lakini mara ya kwanza nilipoonjeshwa wiski ya Islay nilidhani nimefunguliwa mlango wa zahanati: iodini, bandeji, na nje yake kamba za boti zilizopakwa lami. Baadaye, ukivumilia, huja samaki wa kubanikwa, halafu kwa mbali utamu wa shayiri. Mtu wa pwani aliyekunywa maji ya mtungi uliofukizwa, au mfugaji aliyekunywa maziwa ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, ana mwanzo mzuri kuliko Mwingereza wa London. Tunajua moshi unaweza kuwa kiungo.

Wachanganyaji wenyewe hawanywi sana, wananusa. Huongeza maji mpaka kileo kishuke kwenye asilimia 20 hivi, maana kileo kikali huiziba pua. Kazi yao ni ngumu kwa sababu ya lile nililosema mshike: wiski kongwe ni laini lakini moshi wake umefifia, na changa ina moshi mwingi ila inakwaruza. Kwa hiyo hutafuta kijana wa kisiwani awashe moto na mzee wa bara atandike mkeka. Johnnie Walker ya karatasi ya kijani, ya miaka 15, ni mfano. Ndani yake mna Talisker ya kisiwa cha Skye na Caol Ila ya Islay kwa upande wa moshi, na Cragganmore na Linkwood za bonde la Spey kwa upande wa ulaini. Haina hata tone la wiski ya nafaka. Moshi wake ni wa nyumba ya jirani. Ukitaka wa nyumba yako mwenyewe, wapo waliotengeneza michanganyiko ya moshi waziwazi, kama Peat Monster ya kampuni ya Compass Box tangu mwaka 2003, na Big Peat ya Douglas Laing tangu mwaka 2009, ambayo ni ya Islay peke yake.

Ajabu ya mambo haya ni kwamba miaka ya 1980 moshi ulikaribia kuzimika. Wiski ilikuwa imejaa maghalani bila wanunuzi. Ardbeg ilisimama mwaka 1981, Port Ellen ikafungwa mwaka 1983. Kisha walevi wenye fedha wakageuka wakaanza kuutafuta moshi ule ule wa kimaskini, na bei ikapanda. Port Ellen ilifunguliwa tena Machi 2024.

Bei ikipanda, jina huwa mali. Mwaka 2003 kampuni ya Diageo, mmiliki wa Cardhu, iliona Wahispania wanaikunywa kuliko inavyotengenezwa. Ikaamua kuchanganya humo wiski za viwanda vingine, ikaiita "kimea safi" badala ya "kimea cha kiwanda kimoja", huku chupa na jina vikibaki karibu vile vile. Wenzao wa biashara, hasa William Grant na Wanawe, walipiga kelele mpaka mwaka 2004 Diageo ikarudi ilikotoka. Nyumba ya Helen, iliyosifiwa kwa kuwapumbaza wakusanya ushuru, ilijikuta ikishitakiwa kwa kumpumbaza mnywaji. Mimi naona kosa lilikuwa katika ukimya wa chupa, maana mchanganyiko wenyewe ni kazi ya heshima.

Kanuni za mwaka 2009 zikagawa wiski ya Scotland katika mafungu matano, na maneno "kimea safi" yakapigwa marufuku. Hata jina la zamani la biashara, lililotokana na pipa kubwa la kuchanganyia, likafutwa na kuwekwa "mchanganyiko wa kimea". John Glaser wa Compass Box alilalamika kwamba mnywaji wa kawaida hataitofautisha na "mchanganyiko" ule wenye nafaka, na mwaka 2011, muda wa kulitumia jina la zamani ulipokuwa unakwisha, akatoa chupa alizoziita za mwisho za jina hilo.

Sikumwelewa Glaser mpaka siku moja nilipoingia duka moja la mjini na kukuta ya kijani na nyekundu zimepangwa pamoja, moja ikiwa na bei ya mara kadhaa ya mwenzake. Nikamuuliza kijana wa dukani tofauti ni nini. "Mzee," akasema, "zote wiski. Ni rangi ya karatasi tu." Nilimwomba aigeuze ile ya kijani tusome pamoja maneno yake.